SOMO: Kusafisha udongo uliolowa oili chafu na dizeli kwa bakteria (someni kabla ya kuuliza)

Wadau, nimechoka kurekodi sauti za WhatsApp za jambo lilelile. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Natengeneza majenereta Chikongola, Mtwara. Udongo wetu ni kichanga, oili ikimwagika haikai juu kukusubiri, inashuka kuelekea kisimani. Na bakteria hawanunuliwi. Wamo humohumo kwenye udongo, Pseudomonas na wenzao, wanakula mafuta kidogokidogo. Wewe unawaondolea vikwazo tu.

1. Ziba panapovuja.

2. Vaa glavu na buti, chimba udongo wote ulioloa.

3. Utandaze juu ya nailoni nzito, kina kisizidi sentimita 30. Zungushia tuta ili mvua isimpelekee jirani.

4. Vunja madonge, changanya maranda ya seremala na samadi kidogo iliyooza.

5. Mbolea. Mafuta karibu yote ni kaboni na haidrojeni, na bakteria kama mtu haishi kwa ugali mkavu. Kipimo kinachotumika sana: kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Kwa toroli la kilo 90 lenye mafuta kama asilimia 1, ni urea gramu 150 (ya naitrojeni) na DAP, mbolea yenye fosforasi, gramu 40. Gawa mara tatu, wiki mbilimbili.

6. Maji. Fumbata udongo: ushikamane, usichuruzike.

7. HEWA. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza nilirundika kimo cha kiuno, nikashindilia, nikafunika turubai na kulikaza kwa mawe, najiona fundi: mvua haiingii, harufu haitoki. Miezi miwili baadaye nafunua, mayai viza! Mbuzi wa jirani walihama. Mafuta yako palepale.

Sababu yake ni hii. Sehemu zenye sumu zaidi, kama benzini, tolueni na naftalini, zina pete ya atomi sita za kaboni zilizoshikana kwelikweli. Kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ndani ya bakteria) kinachoianza pete hiyo huitwa dioksijenesi: kinachukua molekuli ya oksijeni na kupachika atomi zake zote mbili kwenye pete. Baadaye kingine kinatumia oksijeni tena kuipasua. Ukiwanyima hewa umewanyang'anya panga. Wapo bakteria wanaovunja pete bila oksijeni, ila mwendo wao wa kinyonga.

Kwa hiyo geuza kwa beleshi mara mbili kwa wiki. Turubai liwe paa juu ya miti, lisilalie udongo. ONYO: hakuna sigara wala jiko karibu. ONYO: simama upande upepo unakotoka, mvuke wa benzini unasababisha saratani ya damu.

8. Tia udongo kwenye chupa angavu yenye maji, tikisa, tazama utando wa mafuta juu. Ni kipimo cha kienyeji; cha uhakika ni maabara. Dizeli hesabu miezi, oili nzito zaidi ya hapo.

MASWALI

Mzee wa Spana: Mkuu naomba dozi ya mbolea kwa toroli.
– Hatua ya 5.

Mzee wa Spana: Nimeiona. Nikizidisha mara tatu si itawahi?
– Itawaua. Urea ikizidi inatoa amonia. Una haraka? Shika beleshi.

Kusini Kwetu: Mbona mambo mengi, si unamwaga sabuni ya unga na maji?
– Hapo umeyahamisha mafuta, hujayaondoa. Kisima kiko chini yako. Nilieleza mwanzoni kabisa, ndugu.

Binti Mikindani: Shikamoo. Maranda huku shida, ila maganda ya korosho yamejaa. Yanafaa?
– Marahaba, hilo ndilo swali! Mabichi usiweke. Yale mafuta yanayobabua vidole vya wabanguaji nayo yana pete hiyohiyo, na asidi ya anakadi iliyomo inazuia bakteria wengi. Utakuwa umewaongezea sumu. Tumia pumba za mpunga.

Binti Mikindani: Asante. Na bakteria alijuaje kutengeneza kimeng'enya cha petroli, kitu cha juzi?
– Si cha juzi kwao. Mafuta yamekuwa yakivuja ardhini yenyewe tangu zamani, na miti inayooza imejaa pete za namna hiyo. Tena wanaazimana: Pseudomonas putida mmoja maarufu amebeba maelekezo ya kula tolueni kwenye kipande kidogo cha DNA anachoweza kumpa mwenzake. Pete ikishapasuka, vipande vinaingia njia ileile ya kuchoma sukari. Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska, fukwe nyingine zilinyunyiziwa mbolea, bakteria wenyeji wa pale wakafanya kazi.

Mama Lishe: Ukishakuwa safi napanda mchicha?
– Hapana dada. Oili chafu ina risasi na zinki. Hizo ni metali, hakuna kimeng'enya cha kuzivunja. Panda maua, au fukia mbali na kisima.

Fundi Nachingwea: Sisi tunapaka oili chafu nguzo za uzio, mchwa hawagusi.
– Mvua ikinyesha inaiosha na kuipeleka ardhini. Jaribu kuchoma ncha ya nguzo mpaka iwe mkaa kabla ya kufukia, na oili weka kwenye dumu lenye kifuniko. Huku kuna wanaopita kuinunua.

Mzee wa Spana: Wananunua bei gani?
– Uzi mwingine huo, mzee wangu.