Kabla hamjapanda boti: kuzamia Tanga na mwenza anayechafukwa na bahari

Wengi wanaopanga likizo ya kuzamia huanza na tarehe za ruhusa ya kazini, halafu hoteli, halafu boti. Wakishalipa kila kitu ndipo mmoja anakumbuka kwamba mwenzake alitapika njia nzima walipokwenda Unguja. Kwa pwani ya Tanga mpango wa namna hiyo umekaa kichwa chini. Anza na yule anayechafukwa. Akipata upepo mzuri, mwendo mfupi na mahali pazuri pa kukaa, mtazamia wote wawili. Akivikosa, hata wewe ambaye bahari haikushtui utaishia kumshika mabega huku mtungi wako umelala botini haujaguswa.

Kwa hiyo msimu kwanza. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza kuingia Aprili na kushika kasi kati ya Juni na Agosti; nje ya miamba mawimbi huwa makubwa na boti za faiba zinadunda. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, mito ya Pangani na Sigi inateremsha tope, na hata siku ya shwari maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini wa Desemba hadi Machi, ni mpole zaidi, ingawa Januari nayo ina siku zake za vurugu. Vipindi vya kuwinda ni maleleji, pale upepo mmoja unapomwachia mwenzake: Oktoba hadi Novemba mwanzoni, na tena kuanzia Februari mwishoni hadi katikati ya Machi. Kama ruhusa yenu ni Julai tu kwa sababu ya shule za watoto, njooni mle pweza na mtembee, lakini msilipie boti kabla hamjaiona bahari kwa macho yenu.

Ndani ya msimu kuna siku, na ndani ya siku kuna saa. Asubuhi bahari huwa imelala. Kuanzia mchana upepo wa baharini huamka na kuzidi hadi jioni. Anayechafukwa aondoke saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, na awe amerudi nchi kavu kabla ya adhuhuri. Mkiambiwa kuna mizamio miwili, wa pili saa nane mchana, kataeni huo wa pili, au ombeni uvutwe uwe asubuhi.

Angalieni na mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na hapa tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mikondo ya kwenye milango ya miamba inakuwa na nguvu, na maji yakishindana na upepo, mawimbi yanakuwa mafupi na ya wima, ambayo ndiyo mabaya zaidi kwa tumbo. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, mkondo ni mdogo. Lakini kama mnataka kukanyaga Maziwe, mambo yanageuka. Maziwe, fungu la mchanga takriban kilomita 8 kutoka pwani ya Pangani, hutaka maji yaliyopwa, na siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, muda unaoafikiana vizuri na bahari ya asubuhi. Chagueni mojawapo, kisha mpange kalenda.

Maziwe ina mtego ambao wageni hawauoni. Watu hudhani yule mwenye kichefuchefu atashuka mchangani apumzike huku mwenzake akizamia. Atashuka, ndiyo. Ila kisiwa kile ambacho zamani kilikuwa na mivinje leo hakina hata mti mmoja wa kivuli, na maji yakianza kujaa mchanga unamezwa na bahari, hivyo lazima arudi botini, mara nyingi wakati ule ule upepo unapoanza kuamka. Bebeni mwavuli mkubwa au turubai na maji ya kunywa ya kutosha, na muulizeni nahodha saa ngapi mchanga utafunikwa kabla hamjakubaliana saa ya kurudi.

Kabla ya kwenda mbali hivyo, fanyeni safari ya majaribio ndani ya Ghuba ya Tanga. Kisiwa cha Toten kiko karibu na mji, maji yake yamekingwa, na mnaweza kwenda na kurudi bila kupoteza siku. Kuzamia pale si kwa kujisifia, maji ya karibu na bandari hayana uangavu, lakini lengo ni kumwona mwenzako akiwa juu ya maji. Akichafukwa ndani ya ghuba, hakuna sababu ya kumpeleka nje siku inayofuata.

Kuhusu silikanti, tuelewane mapema. Ni kweli pwani hii ina hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki huyo, aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Lakini anaishi chini mno, kwa kawaida kwenye vina vya mita mia na zaidi. Mzamiaji mpya mwenye cheti anaishia mita 18, na wa burudani hata awe mzoefu havuki 40. Mwenzako asivumilie mawimbi kwa kuahidiwa silikanti. Atakachokiona ni samaki wa miambani, pweza, pengine kasa. Na kuna sehemu atakuta matumbawe yaliyovunjwavunjwa na uvuvi wa baruti wa miaka ya nyuma. Waongozaji watakushawishi mwende miamba ya mbali iliyosalimika. Ningeanza na ya karibu.

Sasa dawa, na hapa ndipo watu wanapokosea mahesabu. Sinarizini na prometazini zinafahamika katika maduka ya dawa, na zote zinafanya kazi zikinywewa mapema. Mtu akishaanza kutapika kidonge kinatoka na mengine. Sinarizini hutaka takriban saa mbili kabla ya safari. Prometazini hulaza mtu, na usingizi chini ya maji ni hatari, kwa sababu kina peke yake kinaweza kumpumbaza mtu hata bila dawa. Mweleze mfamasia au daktari waziwazi kwamba unakwenda kuzamia, pamoja na dawa nyingine zote unazotumia na kama una shida ya presha ya macho, kisha jaribu dawa hiyo siku ya kawaida nchi kavu, wiki kadhaa kabla. Ikikuacha na macho mazito au kichwa chepesi, hiyo si ya kuzamia nayo. Tangawizi inawasaidia baadhi ya watu na haina usingizi, basi chai ya tangawizi asubuhi ni ya kujaribu, bila kuitegemea peke yake.

Na mlio kwenye fungate, neno moja. Kichefuchefu cha asubuhi si lazima kiwe cha bahari. Kama kuna uwezekano wa ujauzito, pimeni kwanza, maana mjamzito hazamii kabisa.

Usiku wa kuamkia safari, biriani na pombe vipumzike. Kwenda na tumbo tupu nako ni kosa. Muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, uji mwepesi, vinakaa vizuri kuliko maandazi na supu yenye mafuta. Chungwa la Muheza botini linafaa, kwa maji yake na kwa harufu ya ganda lake. Msifike kwa basi saa mbili usiku na kupanda boti alfajiri: anayechafukwa na bahari mara nyingi huchafukwa na gari pia, na barabara ndefu kutoka Dar kupitia Segera itakuwa imeshamchosha. Lalani usiku mmoja zaidi.

Botini, mahali ni katikati, chini, karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti. Wahenga waliosema tezi na omo marejeo ni ngamani hawakuwa wakizungumzia matapishi, lakini kwa jambo hili wamepatia. Omo, yaani mbele ya chombo, inapanda na kushuka mno, na tezini, yaani nyuma, kuna moshi wa injini. Sababu yenyewe ni kwamba sikio la ndani linasema tunayumba huku macho, yakiwa yameelekea sakafuni, yanasema tumetulia. Ubongo unashindwa kuamua na tumbo linalipa. Kwa hiyo macho yakae kwenye upeo wa bahari au kwenye nchi kavu, na simu iingie mfukoni.

Mtazame mtu anavyojiandaa kuzamia na utaelewa kwa nini hata wagumu huanguka. Boti imetia nanga, haiendi, inabingirika ubavu kwa ubavu. Yeye amevaa suti ya mpira hadi shingoni, jua la saa tatu linampiga mgongoni, ameinama akihangaika na kamba ya mtungi, na pua yake iko shibiri moja kutoka kwenye dumu la petroli. Hapo ndipo uso unabadilika. Dawa yake haiuzwi: mitungi na regulata (kifaa cha mdomoni cha kupumulia) zifungwe ufukweni kabla ya kuondoka, suti ivaliwe hadi kiunoni tu, na mwenzako awe wa kwanza kuingia majini, si wa mwisho. Ombeni hayo siku moja kabla, wakati wa kulipa, kwa sababu asubuhi kila mtu ana haraka.

Akishazama mita chache, wengi hupata nafuu, maana nguvu ya wimbi hupungua kadiri unavyoshuka. Ugumu hurudi mwishoni, kwenye kile kituo cha usalama, pale mzamiaji anaposubiri dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka majini, ambapo mawimbi ya juu yanasikika tena. Kama kuna kamba ya nanga aishike, na atazame kitu kilichotulia. Ikitokea kutapika chini, regulata haitoki mdomoni: anaishikilia kwa mkono, anatapika ndani yake, anabonyeza kitufe cha kusukuma hewa kuisafisha, na ikiziba anachukua ya akiba. Ukiitoa, pumzi ya kwanza baada ya kutapika huvuta maji. Zoezi hili lifanywe kwenye bwawa na mwalimu. Lakini aliyetapika botini kabla ya kuzamia, siku hiyo asizamie. Amepungukiwa maji mwilini, jambo linaloongeza hatari ya maradhi ya mgandamizo (viputo vya gesi vinavyojitokeza mwilini mgandamizo unapopungua), na uchovu wake unaweza kufunika dalili za maradhi hayo. Apewe maji ya ORS kidogokidogo.

Hapo ndipo swali lako linapokuja: yeye akibaki, nani atazamia nawe? Usikubali kushuka peke yako. Ulizeni mapema kama mwongozaji atakuwa jozi yako, na nani atabaki botini na mgonjwa. Kubalianeni pia kwamba neno "turudi" likitoka kwake linatosha, halijadiliwi mbele ya watu. Na ukitaka kujua hali ya bahari, usimuulize nahodha "Kapteni, leo vipi?" maana jibu ni "shwari tu." Muulize upepo utatoka wapi saa tano, na kama angempandisha mama yake.

Mambo mengine ni ya haraka. Vitambulisho vya taifa mbebe, kwa kuwa ada ya hifadhi ya raia si sawa na ya mgeni. Vyeti vya kuzamia, na fomu ya afya ijazwe kwa ukweli, hasa pumu, kifafa na masikio. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi kuzamia, someni masharti. Boti iwe na oksijeni, redio na majaketi ya kuokolea, na mwongozaji akujibu bila kubabaika chumba cha mgandamizo, kinakotibiwa maradhi hayo, kilicho karibu kiko wapi na mtafikaje. Nusa hewa ya mtungi: ikiwa na harufu ya mafuta, usiitumie. Siku ambayo mwenzako hataki tena kuiona boti, kuna mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, na hakuna haja ya kumwonea huruma.

Mwisho ni mlima. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, Arusha hivyohivyo, na huko juu mgandamizo wa hewa hupungua, hivyo mwili uliotoka kuzamia hauoni tofauti kubwa kati ya kupanda ndege na kupanda Usambara kwa gari. Subirini saa 24 kabla ya vyote viwili. Wanaotaka bahari na milima katika safari moja waanze na milima. Tena zile kona za kutoka Mombo kwenda juu ni mahali pazuri pa kujaribia kile kidonge, kwa sharti kwamba anayekijaribu si dereva.