Kuchagua inveta ya sola ya nyumbani Nairobi: anza na pampu na friji, bei baadaye

Watu wengi wakitaka kuweka sola nyumbani wanaanza kwa kuingia Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, na kuuliza "inveta ya kilowati tano ni pesa ngapi", muuzaji anataja bei, anashukisha kidogo, na jioni boksi liko kwa buti ya gari. Nakuomba usianze hivyo. Inveta, yaani ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa soketi, ndio inaamua utanunua betri gani, paneli ngapi zitapanda kwa mabati na zitafungwa vipi, na kama ile pampu ya maji itawaka stima ikipotea, kwa hivyo ukiikosea hiyo moja umekosea vitu vitatu kwa mpigo, na kurudisha dukani kitu kishafungwa ukutani si rahisi.

Anza na karatasi na kalamu. Zunguka nyumba usome ile stika iko nyuma ya kila kitu kinachochomekwa kwa soketi. Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba viwili vya kulala, tuseme Kasarani: friji wati 120, TV wati 80, raota ya waifai wati 12 usiku na mchana, taa nane za LED za wati 9 kila moja, laptop wati 60. Washa zote pamoja, hata wati 400 hufikishi. Halafu sasa zije zile za joto, pasi wati 1,200, maikrowevu karibu hapo hapo, birika la umeme wati 2,000. Hizi hazikai muda mrefu lakini zikiwaka zinataka moto wao wote mara moja, mtu akipiga pasi huku mwingine anapasha chakula tayari nyumba iko karibu wati 2,750. Hiyo namba ya vitu vinavyoweza kuwaka kwa pamoja ndio ya kwanza ya kuandika na kuzungushia duara.

Shawa ya umeme iache nje kabisa. Nyingi zinavuta kilowati 3.5 kwenda juu, zingine zinapita tano, na familia ya watu wanne kila mmoja akioga dakika kumi kwa shawa ya kilowati tano mmemaliza zaidi ya uniti tatu (uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima) kabla hata chai haijachemka, na betri ya kawaida ya nyumbani ina uniti tano tu. Mwambie fundi akuwekee DB, lile boksi la breka, ndogo ya pili, vitu vya inveta vikae huku, shawa na oveni vibaki kwa stima ya Kenya Power. Mtu akikuambia nunua inveta kubwa zaidi ndio ibebe shawa, muulize betri ya kulisha hiyo shawa italipwa na nani.

Namba ya pili ni ya moto ambao mota inavuta ikianza, na hapa ndio watu wa Nairobi tunaumia kushinda wengi juu nyumba zetu zina tangi chini na pampu ya kusukuma maji juu. Pampu ya hosipawa moja ni kama wati 746 za kazi, lakini kwa waya inavuta karibu kilowati moja, na ule wakati mota inaanza kuzunguka inaweza kuvuta mara nne au tano ya hapo kwa muda mfupi sana. Friji nayo ni hivyo hivyo, ile wati 120 ya stika ni ya ikiwa inatembea, kompresa ikishtuka inaenda mbali zaidi. Sasa weka friji inaanza sekunde ile ile pampu inaanza na pasi iko juu ya meza. Inveta ya kilowati tatu inaweza kuzima na kupiga alamu, na hapo mwenye duka atakuambia ni nyumba yako iko na shida. Kwa hivyo usiulize tu inabeba ngapi, uliza inahimili mshtuko wa ngapi na kwa sekunde ngapi, manake zingine zinaandika mara mbili ya uwezo wake lakini ni kwa kufumba na kufumbua tu, na mota yako inataka zaidi ya hapo. Kwa hiyo nyumba ya Kasarani yenye pampu mimi ningechukua ya kilowati tano. Bila pampu, yaani flati ambayo maji yanakuja kwa tangi ya landlodi, ya kilowati tatu inatosha vizuri.

Na angalia herufi. 5kVA na 5kW si kitu kimoja, inveta nyingi za bei ya chini zimeandikwa 5kVA kwa herufi kubwa kwa boksi alafu ndani ya karatasi ya vipimo unakuta 4kW. Hiyo ya kW ndio yako.

Kuna inveta zingine usiguse kabisa hata zikiwa rahisi. Zile hazina wimbi safi, yaani ambazo kwa boksi hazijaandikwa Pure Sine Wave, zitawasha balbu na kuchaji simu lakini mota ya friji na ya pampu itanguruma, itapata moto na itakufa mapema. Na zile za kufungwa na gridi, yaani stima ya Kenya Power, peke yake, zisizo na sehemu ya betri, stima ya mtaa ikipotea nazo zinajizima hata kama jua linawaka saa sita mchana, zimetengenezwa hivyo ili zisimpige shoti fundi wa Kenya Power aliye juu ya mlingoti. Wewe unataka haibridi, yenye inachukua paneli, betri na stima zote tatu na kuchagua yenyewe.

Sasa betri. Siku hizi betri ya kawaida ya lithiamu ni ya volti 51.2, ampea 100, hiyo ni uniti 5.12. Hiyo ni ya kundi linaloitwa volti 48, kwa hivyo inveta iwe ya mfumo wa volti 48. Usikubali inveta kubwa ya volti 12 kwa sababu ya hesabu rahisi: wati 3,000 ukigawa kwa 12 ni ampea 250, waya inakuwa nene kama kidole na viungo vinapata moto, lakini ukigawa kwa 48 ni ampea 62 na nusu. Pia ndani ya betri kuna ubongo wake unaitwa BMS, na una kikomo chake. BMS ya ampea 100 inatoa kama kilowati tano, sawa na inveta yako. BMS ya ampea 50 inatoa nusu ya hiyo, na hapo hata ununue inveta ya kilowati nane betri itajizima ukiweka birika na pasi. Uliza pia kama betri na inveta zinaongea kwa waya wa mawasiliano, CAN au RS485, na kama jina la hiyo betri liko kwa menyu ya inveta. Zisipoongea zitafanya kazi bado, lakini inveta itakuwa inakisia chaji kwa kuangalia volti, na lithiamu volti zake hazisongi sana kuanzia ijae mpaka ikaribie kuisha, kwa hivyo itakudanganya.

Twende kwa paneli, na hapa naomba utulie kwa sababu hii ndio sehemu nimeona ikiharibu pesa za watu wazuri. Inveta ina sehemu ya kupokea paneli inaitwa MPPT, na hiyo sehemu ina volti ya chini na volti ya juu. Kwa nyingi za kilowati tano zinazouzwa sasa utakuta imeandikwa inafanya kazi kati ya volti 120 na 450, na isipite 500. Kwa model za zamani utakuta 60 mpaka 115, na isipite 145. Boksi mbili zinafanana kabisa kwa rafu, tofauti ni huo mstari mmoja ndani ya karatasi.

Paneli ya wati 550 ina volti karibu 50 ikiwa haijafungwa na kitu, na karibu 41 au 42 ikiwa inafanya kazi. Kwa ile ya mwisho wa 145, ukifunga tatu mfululizo, yaani moja inaingia kwa nyingine na volti zinajumlishwa, ni volti 150 na umeichoma siku ya kwanza, hapo ni mbili mbili, na hizo jozi zifungwe sambamba ili volti zisiongezeke. Kwa ile ya 500, kumi mfululizo zinafika 500 kwa vipimo vya maabara vya nyuzi 25, lakini asubuhi ya Julai hapa Nairobi baridi ni nyuzi kumi na kitu, na paneli ikiwa baridi volti zinapanda, hizo kumi zitafika kama 520 jua likichomoza. Weka nane na ulale.

Upande wa chini nao watu wanausahau. Nyumba yetu ya Kasarani inakula kama uniti mbili na nusu kwa siku ukiacha vitu vya joto na pampu, fundi anapiga hesabu anasema paneli tatu zinatosha, na kwa wati kweli zinatosha. Lakini tatu mfululizo ni volti 125 tu zikiwa kazini, na saa saba mchana juu ya mabati paneli inaweza kufika nyuzi 60, volti zinashuka mpaka 110 hivi. Hiyo iko chini ya 120. Inveta itakuwa inashika na kuachilia mchana kutwa, na wewe utalaumu mawingu. Nunua ya nne. Nne zinakupa volti 165 hivi, na hata mabati yakichemka unabaki juu ya 140. Angalia tu pia kama model yako inataka 150 ndio ianze kuamka asubuhi, na kama ni hivyo nne bado ziko sawa kwa sababu asubuhi paneli ni baridi.

Kitu kingine hakiko kwa tangazo lolote ni inveta yenyewe kula stima. Ya kilowati tano ikiwa imewaka bila kubeba kitu inakula wati 50 hivi. Zidisha kwa masaa 24, ni uniti 1.2 kila siku, karibu robo ya betri yako ya uniti tano imeenda kabla hujawasha taa. Ndio maana mtu wa bedsitta mwenye TV na raota akinunua ya kilowati tano "ya kukua nayo" anaamka saa kumi na moja asubuhi betri iko chini. Kwa karatasi tafuta mstari wa matumizi bila mzigo, na kama umelinganisha mbili zilizo sawa kwa mengine yote, chukua yenye hiyo namba ndogo. Kama unapanga kukua, uliza kama unaweza kuongeza ya pili sambamba baadaye, na ujue lazima iwe model ile ile.

Kwa majina, Nairobi utakutana na Victron, Deye, Growatt, Must, Felicity na zingine nyingi. Victron ni ya bei lakini vipimo vyake ni vya ukweli na inaishi miaka. Lakini kushinda jina, uliza nani hapa Nairobi anafungua na kutengeneza hiyo inveta ikiharibika, na waranti inaanzia siku gani. Namba ya siriali iandikwe kwa risiti mbele yako. Na usome kipimo cha mwinuko kutoka baharini: jiji liko karibu mita 1,795 na karatasi nyingi zinaahidi uwezo wote mpaka mita 1,000 au 2,000, kwa hivyo ukiwa Limuru, juu zaidi ya jiji, hasa uliza, hewa nyepesi inapoza vibaya.

Mahali pa kuifunga, ukuta wa saruji wenye hewa, mbali na jikoni, isiwe chini ya mabati, isiwe chumba cha kulala kwa sababu feni inavuma usiku. Weka wavu laini kwa matundu, mjusi mmoja akiingia kwa bodi anapiga shoti na huo ndio mwisho wake na wa inveta. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ya daraja linaloruhusu mfumo wa ukubwa wako, umwambie akuoneshe, na asikufungie bila eathi na breka za upande wa paneli na upande wa betri. Mambo ya kurudisha umeme kwa gridi, kanuni za 2024 zipo, lakini zinataka makubaliano na Kenya Power na mita yake. Kabla ya hapo mwambie fundi azime hiyo ya kurudisha umeme kwa menyu ya inveta, mita ya tokeni ya kawaida haijatengenezwa kukuhesabia unachotoa.

Kabla fundi hajaondoka na hujamaliza kulipa, zimeni stima ya nje pale kwa DB. Friji iwe inatembea, washa pasi, kisha washa pampu, usimame mbele ya skrini uangalie wati zinapanda mpaka wapi na zinatulia wapi. Zima, subiri, rudia mara ya pili. Halafu muombe aweke mpangilio wa kutumia jua kwanza, halafu betri, na stima mwisho, lakini betri ikifika asilimia 40 irudi kwa stima yenyewe, ili stima ikipotea saa tatu usiku ukute kuna kitu. Julai na Agosti, mawingu yakikaa siku nzima, pandisha hiyo 40 mpaka 60 na uruhusu stima ichaji betri usiku, ampea zisizidi 50 kwa betri moja ya ampea 100.