Somo: Kumsaidia mjamzito mwenye sonona aache sigara

Somo hili ni la wakunga, wauguzi, wanasihi na ndugu wanaoishi na mjamzito anayevuta sigara huku akiwa na sonona. Kosa linalorudiwa mno ni kuyatenganisha haya mawili. Huyu anamwambia aache sigara, yule anamwambia sonona itashughulikiwa akishajifungua. Mama anaacha Jumatatu, Jumatano roho imemzama, Alhamisi anavuta. Watu husema hana nia. Nia anayo; alichokosa ni mpango wa zile siku za giza.

Hatua ya 1: Uliza yote mawili siku moja

Usiulize "unavuta sigara?" Anayeogopa kulaumiwa atajibu hapana. Mpe majibu ya kuchagua: niliacha nilipojua nina mimba, nimepunguza, navuta kama zamani. Kisha uliza akiamka anakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza. Chini ya nusu saa ni dalili ya uraibu mzito.

Kwa upande wa sonona, kipimo cha Edinburgh cha mwaka 1987 kilitungwa kwa waliojifungua lakini hutumika pia kwa wajawazito. Kina maswali 10, alama 0 hadi 30. Alama 13 na kuendelea zinadai tathmini kamili. Peke yake hazithibitishi ugonjwa. Swali la 10 linahusu kujidhuru. Jibu lolote lisilo "kamwe" linashughulikiwa siku hiyohiyo, na mama haachwi peke yake. Andika jumla ya alama, utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Mweleze sigara inamfanyia nini

Nusu ya nikotini huondoka kwenye damu kwa takriban saa 2, na ujauzito huiondoa haraka zaidi. Kwa hiyo arosto, yaani taabu ya mwili unapodai nikotini, humfikia mjamzito mapema: hasira, wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu, huzuni. Akivuta, arosto inatulia, naye anaamini sigara ndiyo dawa ya huzuni yake. Kumbe sigara inazima moto iliouwasha yenyewe. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba walioacha hupungukiwa na wasiwasi na sonona kuliko wanaoendelea kuvuta, hata wale wenye maradhi ya akili. Mwambie hivyo, ila usimwahidi nafuu katika wiki ya kwanza.

Picha za kutisha ziweke pembeni. Mwenye sonona tayari anajilaumu, na lawama ikizidi anawasha nyingine. Mpe habari inayomfaa: gesi ya kaboni monoksaidi, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili za kuacha. Penye kifaa cha kupima pumzi, apulize kabla na baada. Kuona namba ikishuka kunamtia moyo kuliko hotuba.

Hatua ya 3: Jaza siku kabla ya kuondoa sigara

Hapa ndipo wengi huruka. Kwa siku tatu aandike kila sigara: saa, alikuwa anafanya nini, na hali ya moyo kwa namba 0 hadi 10. Utaona mashimo yake, pengine ni saa za alasiri akiwa peke yake, au usiku baada ya ugomvi.

Katika kila shimo panda jambo dogo la dakika 10 hadi 15. Kwa siku yawe mawili: moja la kumfurahisha, jingine la kumpa hisia kwamba kuna kitu amekimaliza. Kuoga, kutembea kidogo, kumpigia simu mtu anayemwelewa, kukunja nguo. Mpango huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza, jambo lililochaguliwa ni kubwa mno, mama anashindwa na kupata ushahidi mpya kwamba hafai. Ligawe nusu, kisha nusu tena. Ya pili, anangoja ajisikie vizuri ndipo aanze. Kwenye sonona kitendo hutangulia, hisia hufuata nyuma tena kwa kuchechemea.

Hatua ya 4: Siku ya kuacha

Iwe ndani ya wiki mbili, na aache kwa mara moja. Kabla ya siku hiyo atoe sigara, viberiti na visahani vya majivu nyumbani. Arosto hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua kwa wiki 2 hadi 4. Wasiliana naye siku ya 1, ya 3 na ya 7, halafu kila wiki kwa mwezi. Ukikosa nyingine zote, ya 3 usiikose.

Hamu ikija huwa ni ya dakika chache. Anywe maji polepole, abadilishe chumba, aangalie saa mpaka dakika 10 zipite.

Siku ya 14 rudia kipimo cha Edinburgh. Alama zikiwa palepale au zimeshuka, ile huzuni ya katikati ilikuwa arosto. Zikiwa zimepanda na hazishuki, au amekata tamaa, hali chakula wala halali usingizi, hiyo ni sonona na matibabu yake yabadilishwe. Asirudishwe kwenye sigara ili "atulie".

Hatua ya 5: Dawa, kwa ushauri wa daktari

Ushauri nasaha ndio wa kwanza. Bupropion na varenicline, vidonge vya kusaidia kuacha sigara, havipendekezwi kwa mjamzito. Nikotini ya plasta au chingamu daktari anaweza kuifikiria ushauri ukishindwa. Plasta hubanduliwa kabla ya kulala. Chingamu hutafunwa mpaka ladha kali itoke, kisha hubanwa shavuni. Akiitafuna mfululizo atameza nikotini na kupata kwikwi na kichefuchefu. Na kwa kuwa mjamzito huimaliza nikotini haraka, dozi ndogo mara nyingi haimtoshi, watu wakadhani dawa haifanyi kazi.

Maswali yanayoulizwa

*Amepunguza kutoka 15 hadi 4 kwa siku. Si inatosha?*
Hapana. Anayepunguza huvuta pafu refu zaidi na kulishikilia, hivyo moshi haupungui kwa kiasi cha sigara alizoacha. Mpongeze, kisha panga tarehe ya kuacha.

*Anatumia dawa za sonona. Azisimamishe kwanza?*
Asisimamishe bila daktari, hasa wiki ya kuacha sigara. Ila daktari aambiwe tarehe hiyo. Moshi hulifanya ini lichome baadhi ya dawa haraka, kama fluvoxamine, olanzapine na clozapine. Moshi ukikoma, kiwango chake hupanda. Kahawa nayo ni hivyohivyo: kikombe alichozoea kinakuwa na nguvu zaidi, anakosa usingizi, moyo unamdunda, lawama inakwenda kwa arosto. Apunguze.

*Mimba ina miezi saba. Hatujachelewa?*
Kuacha kabla ya wiki ya 15 ndiko bora, lakini mtoto anapata oksijeni zaidi hata mkianza leo.

*Shisha je, au ugoro?*
Shisha ina kaboni monoksaidi nyingi kutokana na makaa. Ugoro hauna moshi, ila nikotini inamfikia mtoto.

*Mume anavutia chumbani.*
Mwite naye. Bora waache pamoja. Akigoma, avutie nje ya nyumba na sigara zake zisikae mahali mama anapozifikia.

*Amevuta moja jana baada ya wiki tatu. Tuanze upya?*
Msianze upya. Muulize saa ngapi, na nini kilitangulia, kisha pandeni jambo katika shimo hilo. Weka pia miadi ya wiki ya pili baada ya kujifungua: wengi hurudia hapo, na kipimo cha Edinburgh kirudiwe siku hiyo.