Somo: Namna ya kuizunguka Albania na muongozaji wako mwenyewe (maswali ya wadau nimejibu chini)

Tangu niweke zile picha za Berat, mji wa kule Albania, Ulaya, naulizwa kila siku nilifanyaje, nilipita na kampuni gani, gharama shilingi ngapi, sasa leo nimekaa niandike yote. Kwa wasionijua, mie nimeongoza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, miaka sita kabla sijahamia Ujerumani, kwa hiyo hii kazi naijua toka upande wa pili, namjua muongozaji mzuri na mbabaishaji pia namjua. Albania nimeshaenda mara tatu na bado roho inataka.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilimchukua wa bei rahisi kuliko wote, kumbe ni dereva tu, tukifika kwenye ngome anasimamisha gari getini, anabaki anavuta sigara, mie naingia peke yangu naangalia mawe. Pale Krujë, mji wenye ngome karibu na Tirana, akanipeleka moja kwa moja duka la mazulia kwenye lile soko la zamani chini ya ngome, na yale macho waliyoangaliana na mwenye duka nayajua vizuri, nimeyaona mtaa wa Gizenga kule Mji Mkongwe miaka yote, ni macho ya kamisheni. Nikarudi nyumbani sijaijua Albania hata kidogo. Ndo maana nasema, nchi ile bila mtu wa kukusimulia umeona majengo tu, maana mambo mengi yaliyowapata wale watu hayajaandikwa ukutani, yamo midomoni mwao.

HATUA YA 1: Chagua njia kwanza, mtu baadaye

Albania ni ndogo, kilomita za mraba 28,748, ndani ya Tanzania inaingia zaidi ya mara 30. Lakini usidanganyike na ramani, ni milima mitupu na kona, kilomita 50 zinaweza kukula saa nzima na zaidi. Kwa siku sita mie nashauri kusini: Tirana, nusu siku Krujë, halafu Berat ulale siku mbili, Gjirokastër, ushuke Saranda uone magofu ya Butrint, kisha urudi kwa njia ya pwani ukipita Himara na mlima Llogara. Kaskazini kule Theth, Valbona na boti ya ziwa Koman ni safari yake peke yake na inataka muongozaji wa kulekule, usichanganye.

Mwezi wa tano, wa sita au wa tisa. Wa saba na wa nane pwani inajaa, joto kali na vyumba bei juu.

HATUA YA 2: Kumtafuta

Mimi sianzi na kampuni. Naanza na nyumba ndogo za wageni za familia pale Berat au Gjirokastër, naweka chumba, halafu namuuliza mwenye nyumba nani anaongoza watu hapa. Yeye hawezi kukupa mtu wa ovyo kwa sababu aibu itamrudia mwenyewe mlangoni. Ukishapewa jina muulize huyo mtu kama ana cheti cha uongozaji, wenye cheti wana kitambulisho na hawaoni tabu kukuonesha.

Kisha mpigie, usiishie kuandika meseji. Sikiliza anavyoongea, Kiingereza chake au Kitaliano (Waalbania wengi wanakijua Kitaliano, walikuwa wanaiba matangazo ya TV za Italia enzi zile). Muulize amezaliwa wapi na anaishi wapi. Halafu mwambie hivi: nataka jambo moja la mji wako ambalo mgeni halioni. Akianza kukusomea historia ya karne ya 15 kama kaseti, muage kwa adabu. Yule kijana wangu wa Berat nilipomuuliza alinyamaza kwanza, kisha akasema "nitakupeleka kwa bibi yangu", nikajua hapa nimefika.

HATUA YA 3: Mapatano kabla ya safari

Hapa msione haya. Andikianeni kwenye meseji: bei ya siku, mafuta ndani au nje, tiketi za kuingilia nani analipa, chakula na kitanda chake usiku wa nje ya mji wake ni cha nani, na siku ni saa ngapi. Mie nimelipa kati ya yuro 130 na 180 kwa siku na gari ikiwemo, wawili mkigawana ni nafuu. Na mwambieni mapema kabisa kwamba duka hamtaki mpaka mseme wenyewe. Nawaambia kama mtu niliyekuwa kwenye hiyo kazi, hatukasiriki, tunapenda mgeni anayesema anachotaka. Kumlipa zote kabla sikushauri, toa kidogo ya kumuwekea nafasi, iliyobaki mpe kila jioni.

HATUA YA 4: Hela

Hela yao ni leke, yuro moja inakaribia leke 100, mara nyingi chini kidogo. Sasa kuna mtego: mwaka 1965 walibadilisha hela wakakata sifuri moja, ila watu mpaka leo wanataja bei kwa leke za zamani! Mama wa sokoni anakwambia elfu mbili kumbe anataka mia mbili. Hakuibii, ndo mdomo ulivyozoea. Muongozaji wako yupo, muulize "za zamani au mpya?" basi. Na tembea na keshi, huko vijijini kadi haisaidii.

HATUA YA 5: Njiani

Tirana anzeni uwanja wa Skanderbeg, ule wa katikati ya mji, na mkiwa pale simameni mbele ya msikiti wa Et'hem Bey. Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha ilipiga marufuku dini zote, misikiti na makanisa yakafungwa, mengi yakabomolewa, yaani nchi nzima hakuna adhana wala kengele. Januari 1991 watu wakauingia msikiti huu kusali bila ruhusa ya mtu, kwa maelfu. Mie nilisali pale rakaa mbili nikashindwa kujizuia, jamani, sisi adhana tunaichukulia kama upepo tu.

Na yule bibi wa Berat, tulipofika kwake akatupa kahawa ya Kituruki akasimulia jinsi walivyokuwa wanafunga Ramadhani kwa siri, daku wanakula gizani, pazia limeshushwa, na watoto hawaambiwi kwa sababu mtoto akiulizwa skuli atasema. Mjukuu anatafsiri huku sauti inamkatika, baadhi ya hayo hata yeye alikuwa hajayasikia. Hapo ndo unajua hela ya muongozaji imekwenda wapi.

Bunkeri nazo, yaani vibanda vya kujikinga vitani vya enzi za Hoxha, mtaziona kila mahali, uyoga wa zege mashambani, ufukweni, mpaka makaburini, walijenga zaidi ya 170,000. Kama mna nusu siku ingieni Bunk'Art pale Tirana, bunkeri iliyogeuzwa makumbusho.

Kitu kilichonifurahisha kupita vyote ni maneno. Waturuki walitawala kule kama miaka 400 na zaidi wakaacha maneno yenye asili ya Kiarabu na Kiajemi, ambayo na sisi tunayo. Duka wanasema dyqan, sabuni sapun, sukari sheqer, hesabu hesap, habari ni haber! Ule mnara wa saa pembeni ya msikiti wa Et'hem Bey unaitwa Kulla e Sahatit, sahat ni saa. Tukawa tunacheza kwenye gari, mimi natoa neno muongozaji anatafuta lake, saa nzima Berat mpaka mbele huko hatukuona kona.

Berat kaeni Mangalem, zile nyumba nyeupe zilizopandiana madirisha, jioni vukeni daraja mwende Gorica muitazame ng'ambo. Ngomeni juu watu bado wanaishi, wanaanika nguo. Gjirokastër ni mji wa mawe, mapaa ya mawe, nyumba ya Skenduli ingieni. Butrint ni magofu ya Kigiriki, Kirumi na Kivenisi kwenye sehemu moja, asubuhi mapema ndo pazuri. Mkirudi pwani mwambieni dereva asipite handaki jipya la Llogara lililofunguliwa 2024, apande mlima ule wa zamani, bahari mnaiona yote toka zaidi ya mita 1,000.

Jioni msijifungie hotelini, tokeni kwenye xhiro, mji mzima unatoka kutembea taratibu na kusalimiana, kama Forodhani tu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Arusha: Pasi ya Tanzania viza inakuwaje?

Inahitajika. Ila ukiwa na viza ya Shengeni, Uingereza au Marekani ya kuingia mara nyingi, iko hai na ulishaitumia, unaingia Albania bila viza nyingine mpaka siku 90. Wenye kibali cha ukaazi huko pia, mie ndo nilivyoingia. Kama huna, maombi ni kwa mtandao. Sheria hizi zinabadilika, angalia tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje kabla hujakata tiketi.

Dada wa Mombasa: Mimi nasafiri peke yangu, kukaa garini siku sita na mwanaume nisiyemjua naogopa.

Dada yangu una haki. Waongozaji wanawake wapo, Tirana hasa, sema wazi unataka mwanamke. Au gawanya safari, kila mji chukua muongozaji wa hapohapo wa kutembea kwa miguu na kati ya miji upande basi au furgon, zile hiace zao. Namba ya gari mtumie mtu wa nyumbani kila siku.

Mdau wa Muscat: Chakula halali kinapatikana? Na nasikia kila nyumba wanakupa pombe.

Nyama ya nguruwe ipo kwa hiyo uliza, na muongozaji umwambie siku ya kwanza ili achague migahawa. Byrek utaipenda, ni manda nyembamba tabaka kwa tabaka ndani jibini au mchicha. Tavë kosi ni nyama ya kondoo iliyookwa na mtindi. Raki, pombe yao kali, kweli watakupa, ni heshima kwa mgeni. Weka mkono kifuani, sema "faleminderit", ahsante, omba çaj mali, chai ya majani ya mlimani. Mimi hakuna aliyenuna.

Mdau wa Dodoma: Sisi weusi wanatuonaje?

Watakukodolea macho vijijini, watoto wataomba picha, mie sikutukanwa hata mara moja. Kuna mzee mmoja Tirana nilimwambia natoka Tanzania akanishika mkono hataki kuachia, anaikumbuka 1971 azimio la Albania lililoirudishia China kiti Umoja wa Mataifa, Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolidhamini na balozi wetu kule alikuwa Salim Ahmed Salim. Mzanzibari mwenzangu! Kahawa nikalipiwa.

Mdau huyohuyo: Na kutikisa kichwa?

Ah nilisahau. Wengi, hasa wazee, wakitikisa kushoto kulia wanamaanisha ndiyo, wakiinua kichwa juu ni hapana. Sikiliza neno, "po" ni ndiyo, "jo" ni hapana.

Mdau wa Kigali: Nataka kumpeleka mama, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua.

Mpeleke, ila Berat na Gjirokastër ni mawe ya kuteleza na mipando mikali. Chagua nyumba ya wageni ambayo gari inafika mlangoni, na muongozaji aulizwe kabla kama gari yake inaweza kupanda mpaka karibu na geti la ngome. Viatu vya soli ya mpira, mkongoja. Butrint mtembezeni nusu tu, kuna kivuli kizuri cha miti. Na pale kwa bibi wa Berat hakuna ngazi hata moja, ukiwa tayari niandikie nikuunganishe na mjukuu wake, hao wakina mama wawili watakaa siku nzima bila kuhitaji mkalimani.