Mkataba wa miezi mitatu mitatu: usiitupe hata karatasi moja

Baba aliajiriwa Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, akasaini karatasi moja, akadumu nayo mpaka anastaafu. Mimi nina bahasha ya kaki yenye mikataba tisa ya kiwanda kimoja, yote ya miezi mitatu mitatu. Siku hizi viwandani Dar wengi wetu tunaingia hivyo. Basi mdogo wangu unayeanza Jumatatu, nisikilize.

Ukipewa mkataba mpya, wa zamani usiurudishe. Mimi nilirudisha miwili ya mwanzo kwa sababu msimamizi aliniambia "huu umeshaisha", na sijaiona tena. Haujaisha! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkinga na kuachishwa isivyo halali mtu aliyefikisha miezi 6 kwa mwajiri yule yule, awe na mkataba mmoja au zaidi. Mitatu na mitatu ni sita. Hata likizo yenye malipo ni hivyo hivyo: ukiitwa kazini zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ikapita miezi 6, unastahili. Mimi nilipitisha mwaka mzima bila kujua.

Utaambiwa pia mkataba ukifika mwisho, basi, huna la kudai. Si kweli kila mara. Kama ulikuwa na sababu ya msingi kutarajia utaongezewa, kunyimwa kunahesabika kuwa ni kuachishwa kazi. Kwa hiyo meseji ya msimamizi, "Jumatatu usikose, mkataba unaandaliwa", usiifute. Ipige picha, mtumie dada yako aitunze.

Nunua kaunta buku. Kila siku, kabla hujapanda daladala, andika saa ya kuingia, ya kutoka, na nani alikubakiza. Langu lina mistari kama huu: "Alhamisi. Saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku. Gari la mzigo lilichelewa." Kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Nilipodai, wenzangu walisema "tulifanya kazi sana", mimi nikafungua ukurasa.

NSSF nenda mwenyewe ukaangalie michango yako, usingoje mwaka uishe. Slipu yangu ilionyesha makato kila mwezi, kumbe miezi minne hayakuwa yamepelekwa. Iliniuma, maana ile ni pesa ya uzee wangu.

Na likikufika la kufika, hesabu siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama saa za ziada, siku 60. Rafiki yangu alikaa nyumbani siku arobaini akiahidiwa kuitwa, akalazimika kwanza kuomba aruhusiwe kuchelewa. Ahadi isikufunge mikono. Huna mkataba wa maandishi? Nenda hivyo hivyo: mwajiri ndiye anayepaswa kukupa, na akishindwa kuuleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Jaza fomu namba 1 ya CMA, nakala mpelekee mwajiri, aisaini kwamba ameipokea. Hiyo yenye sahihi nayo itie kwenye bahasha.