Kulala na farasi mu pori pembeni ya Lubumbashi, namna ya kujipanga

Mbele ya kufikiria tente yako, fikiria farasi atalala wapi. Kule Marekani misitu mingi ya serikali iko na makambi ya watu wa farasi, unafika unakuta lupango ya mbao ao ya chuma, unaingiza nyama yako, unafunga mlango, basi. Huku kwetu hakuna, lupango ni wewe utaitengeneza, na njo kazi yote iko pale.

Wakati muzuri ni Juni na Julai. Mwisho wa mvua tududu tule tudogo kuliko mbu tunaleta ugonjwa ya farasi yenye kuua haraka sana, na tunauma kuanzia jua kuzama mpaka asubuhi, sasa kulala inje mwezi wa tatu ao wa ine na farasi asiye na chanjo, hapana, usijaribu. Juni usiku joto inaweza kushuka chini ya digri 10, beba blanketi yake. Kuanzia Agosti moto ya pori iko kila fasi, kama lazima uende, lima majani yote kuzunguka kambi yako.

Ukifika omba ruhusa kwa shefu wa mugini ao mwenye shamba, kisha farasi abaki kwanza ku kamio, wewe tembea na miguu. Pori yetu hii imekatwa sana juu ya makala. Piga majani na kiatu: chini utakuta visiki vimekatwa na shoka kimo ya goti, vikali, na fasi zenye udongo mweusi laini njo tanuru za zamani, mguu ya farasi inaingia pale inavunjika.

Sasa kamba, ile itashika farasi pa nafasi ya lupango. Chagua miti mbili kubwa, muputu ao mutondo, usiguse ile imekauka. Zungushia kila muti mukanda mupana, ule wa kufungia mizigo ku kamio, maana kamba yenyewe inakata ganda na muti inakufa. Kati ya ile mikanda vuta kamba nene, ikazwe kabisa, ipite juu ya kichwa ya farasi, mita 2 na kitu. Farasi unamufunga katikati, mbali na miti, asikule ganda wala asizunguke shina. Urefu ya kamba yake njo watu wengi wanakosea: pua ifike karibu na udongo, isipite pale, maana ikiwa ndefu usiku atapitisha mguu juu yake, ataogopa, atajikata mubaya. Kama wako wawili wacha mita 3 ao 4 kati yao, na wenye hawapatani usiwaweke jirani. Na hii yote umuzoeze kwanza ku nyumba, hata usiku moja, farasi asijifunzie mu giza ya pori.

Mayi: farasi moja anakunywa litre 30 mpaka 40 kwa siku, akitumika sana zaidi, kwa hiyo bidoni mbili za 20 kwa kila farasi kwa kila siku. Mito Lubumbashi na Kafubu inapita karibu na muji na viwanda, mi singenywesha farasi pale hata kama mayi inaonekana safi.

Chakula, kwa farasi wa kilo 400 hesabu kilo 8 ya majani makavu kwa siku, utoke nayo muji, kwani majani ya pori kiangazi haina nguvu. Son (pumba) ya mahindi ifungue mufuko yote uangalie na unuse. Ikiwa na ukungu, tupa, usiseme nitaichemsha: ile sumu inaharibu bongo ya farasi na hakuna dawa.

Usiku amuka umuangalie. Anageukia tumbo yake, anakwaruza udongo, analala anaamuka analala, mavi haitoke, hiyo ni tumbo, na tumbo inaua farasi. Ondoa chakula, mutembeze polepole, piga simu kwa veterinere, ndiyo maana kambi iwe fasi yenye rezo. Dawa ya watu usimupe.

Asubuhi mavi isambaze mbali na mayi, usiiache rundo, nzi zitajaa. Fukia mashimo alichimba na kwato, fungua mikanda, na uhesabu kamba zote mbele ya kumupandisha ku kamio.