SOMO: Bourbon ya bei ya chini inayonyweka kuliko bei yake

Kwenye rafu za waini, kuanzia Nyali hadi Mtwapa, bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, hupangwa katikati ya wiski za Scotland, na mnunuzi huishia kuchagua kwa umbo la chupa. Hasara tupu. Bourbon imebanwa na sheria ya Marekani kila upande, kwa hiyo hata ile ya rafu ya chini ina msingi mzuri. Kazi yako ni kusoma lebo tu. Wasiotumia mtuwie radhi, na aliye chini ya miaka 18 apite.

Hatua ya 1: Jua sheria imekulinda wapi.
Nafaka iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi. Pipa liwe jipya, la mwaloni, limechomwa ndani hadi likawa mkaa. Chupani kileo kisishuke chini ya asilimia 40. Hilo pipa jipya ndilo linalotuokolea pesa. Mti ambao haujawahi kutumika hutoa vanila na karameli kwa kasi, tena majira ya joto ya Kentucky, jimbo inakotoka bourbon nyingi, huisukuma pombe iingie ndani ya mbao. Waskoti kwa kawaida hutumia mapipa yaliyokwisha kutumika, mengi yao yakiwa ya bourbon yenyewe, na kwao ni baridi. Ndiyo maana bourbon ya miaka minne inakuwa imekomaa. Anayekuuzia kwa hoja ya "hii ina miaka kumi na mbili" anakuletea hesabu ya Scotland.

Hatua ya 2: Tafuta maneno mawili.
*Straight*: imekaa pipani si chini ya miaka miwili, na ikiwa haijafika minne lazima umri uandikwe. Kwa hiyo ukiona *straight* bila umri, hesabu minne kwenda juu. *Bottled in Bond*: sheria ya 1897, iliyotungwa wakati walanguzi wa Marekani walipokuwa wakichakachua wiski. Inadai mtengenezaji mmoja, msimu mmoja, miaka minne katika ghala linalosimamiwa na serikali, na asilimia 50 kamili. *Small batch* haina maana yoyote kisheria, usiilipie hata shilingi.

Hatua ya 3: Nunua nguvu, maji utatia mwenyewe.
Hapa ndipo penye faida. Chukua Wild Turkey 101. Hiyo 101 ni *proof*, yaani mara mbili ya asilimia, basi ni 50.5. Mzinga wa mililita 750 ukiushusha kwa maji hadi asilimia 40 unapata kama mililita 947. Unapolinganisha bei na chupa ya 40, linganisha kwa hesabu hiyo. Faida nyingine ni ladha: barafu ikiyeyuka, na kwetu huyeyuka kabla hujaketi vizuri, ile ya 40 inageuka maji matamu; ya 50 bado inasimama.

Evan Williams nayo itazame vizuri. Lebo nyeusi ni asilimia 43. Lebo nyeupe ni *Bottled in Bond*, 50. Ukiikuta nyeupe kwa bei inayokaribiana na nyeusi, usiulize mara mbili. Jim Beam nyeupe ni ya kuchanganyia, na kwa kazi hiyo haina aibu.

Hatua ya 4: Stempu.
Skani stempu ya ushuru kwa programu ya simu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya kulipa. Muuzaji akikunja uso, mwachie chupa yake. Na ule "mzigo wa melini" unaouzwa kwa kunong'onezwa, hapana.

Hatua ya 5: Onja bila kuona.
Mtu akumiminie toti za chupa mbili huku umegeuka. Tia tone la maji baridi, nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha onja. Ya bei ndogo ikishinda, ndiyo yako.

MASWALI

Mwanachama, Tudor: Mwalimu, Jack Daniel's mbona hujaitaja? Si bourbon?
Jibu: Yaandikwa wiski ya Tennessee, ami. Huchujwa kwa mkaa wa mti wa mepo (maple) kabla ya kuingia pipani, na wenyewe hawaiiti bourbon. Nzuri, ila bei yake kubwa ni ya jina.

Mwanachama, Bamburi: Maker's Mark yafaa kwa mtu anayekerwa na pombe kali? Mke wangu alionja Wild Turkey akaniangalia vibaya.
Jibu: Yafaa. Wao hutumia ngano badala ya rai (nafaka ya rye), na rai ndiyo yenye ule ukali wa pilipili. Si ya bei ya chini kabisa, lakini mpe hiyo, bwana. Wild Turkey bakia nayo mwenyewe.

Mwanachama, Likoni: Hili joto haliiharibu?
Jibu: Jua ndilo adui. Iweke kabatini, wima, isije pombe ikala kizibo. Ikibaki robo, imalize ndani ya miezi michache. Hewa humaliza harufu.

Mwanachama, Mtwapa: Na madafu je? Au ni kuiharibu?
Jibu: Madafu baridi, bourbon ya asilimia 50, ndimu kipande. Soda usitie.